Tarishi Aliyekunywa Chai Amesimama

Tarishi wetu alikunywa chai amesimama. Miaka kumi na mmoja nilimmiminia, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na sikumwona hata siku moja ameweka makalio juu ya kiti cha ofisi. Alikuja mpaka kidirisha cha jiko langu, kofia kwapani, akapokea kikombe cha bati kwa mikono miwili, akanywa huku akiwaangalia makarani ukumbini kama mtu anayechunga ng'ombe wa mwenzake. Sukari vijiko vinne. Nilimwambia, "Sukari hiyo itakumaliza." Akasema, "Mama Chai, mimi natembea. Sukari yangu inaanguka njiani."

Jina lake nalijua. Sitaliandika, kwa sababu ana watoto, na baadhi ya nitakayosema si maneno ya kumwekea mtoto mbele yake. Ofisini walimwita Afande, kwanza kwa kejeli, baadaye kwa mazoea. Mimi nitamwita Tarishi. Alikotoka sikuuliza. Wakati ule vita vilikuwa vimetoka kuisha, na mtu mwenye adabu hakumuuliza mwenzake alikuwa wapi.

Mimi mwenyewe ni Mkenya wa upande wa Busia. Nilikuja Kampala kumfuata mume, fundi cherehani, mume akafa, nikabaki na watoto watatu na birika. Shule niliishia darasa la tatu. Asiyependa ninavyoandika aache kusoma.

Ofisi yetu ilikuwa ya bima, ghorofa ya nne, mjini. Kampuni yenyewe imekufa siku nyingi, wala usiitafute. Lifti ilikuwepo lakini ilikuwa ya kufugia panya. Tarishi alipanda ngazi zile mara nyingi kuliko mtu yeyote, na viatu vyake vilikuwa na vyuma kwenye kisigino, kwa hiyo ulimjua akiwa bado ghorofa ya pili. Ko, ko, ko. Makarani waliokuwa wamelala juu ya mafaili waliamka. Waliokuwa wakipiga soga walinyamaza. Hakuwa mkubwa wa mtu pale, mshahara wake ulikuwa chini ya wote isipokuwa wangu, lakini sauti ya viatu vile iliwafanya watu wakae vizuri. Baadaye nilielewa kwa nini, na nikaona aibu kwamba nilicheka.

Lazima niseme habari za viti, la sivyo hutamwelewa.

Tulipofungua ofisi baada ya vita hapakuwa na kiti hata kimoja. Viliibwa vyote. Walichukua viti, mapazia, vitasa vya milango, hata masinki ya choo. Makarani walifanya kazi wamesimama, mbao ndefu zimewekwa juu ya mapipa, na mafaili yamepangwa sakafuni. Ilikuwa kazi ya shida lakini watu walikuwa wachangamfu. Mtu akitaka faili anaruka, anainama, anachukua. Walitaniana. Tarishi alizoea kusema kwamba hizo ndizo siku pekee ambazo ofisi yetu haikuwa na mgonjwa wa mgongo. Ni kweli. Nilikuwepo.

Halafu viti vikaja. Siku hiyo siisahau. Vilipandishwa kwa ngazi, vya magurudumu, vya kuzunguka, vyeusi, vinanuka ngozi mpya. Mchungaji aliitwa akaviombea. Tulikunywa soda. Karani mmoja mtu mzima alikaa kwenye chake akazungushwa na wenzake mpaka akatoa machozi, na hayakuwa ya kucheka. Unaelewa? Kwetu kiti hakikuwa kiti. Kiti kilimaanisha vita vimekwisha, nimerudi kuwa mtu. Nani angemwambia mtu kama huyo ainuke?

Tangu hapo cheo ofisini kwetu kikapimwa kwa hatua. Mdogo anatembea, mkubwa analetewa. Kila meza ya mkubwa ilikuwa na kengele chini yake. Meneja akiibonyeza, Tarishi anakwenda. Akitaka faili lililo meza ya pili, anabonyeza. Akitaka dirisha lifungwe, anabonyeza. Wale wasio na kengele walipiga meza kwa kalamu. Wa mwisho kabisa waliita, "Afande! Reta hiyo muhuri!" Na muhuri uko mbele yao, wakinyoosha mkono wanaufikia.

Kwa hiyo Tarishi alikuwa anawatembelea kwa miguu yao, ndivyo alivyosema. "Mimi nabeba miguu ya watu kumi na nane. Siku nitakufa, watazikwa na viti."

Alikuwa na vituko. Faili la Karani wa Magari alilipeleka kwa Karani wa Moto, la Moto akalipeleka kwa Maisha, ili wenyewe wainuke wakatafutane. Wakimfokea anasema macho yake mabovu. Muhuri aliuficha juu ya kabati refu. Mara moja alilegeza parafujo za kiti cha mhasibu, mhasibu akaanguka chali, na Tarishi akakatwa siku mbili za mshahara. Hakujitetea. Aliniambia, "Lakini aliinuka haraka, uliona?"

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Alikuwa mkaidi, alikuwa na mdomo, alivuta sigara kwenye ngazi na kutupa vichungi nyuma ya jiko langu. Na nyumbani kwake Kawempe alikuwa na kiti kimoja kikubwa cha sofa, chekundu, alichokinunua kwa akiba ya miaka, na karatasi ya nailoni ya dukani hakuitoa. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Wala mkewe, wala mgeni, wala yeye. Nilikwenda pale wakati mkewe anaumwa, nikakaa kwenye mkeka, na kile kiti kimekaa kinatutazama.

"Cha nani?" nikauliza.

"Changu. Nitakaa nikimaliza kazi."

"Wewe unayewafukuza wenzako vitini?"

"Wao wanakaa kabla ya kumaliza," akasema.

Sasa nije kwa Nalongo.

Nalongo ni jina wanalopewa mama wa mapacha, na sisi wote tulimwita hivyo. Alikuwa karani wa madai, mwanamke mnene mwenye sauti ya kicheko. Mumewe alishushwa kwenye gari kizuizini wakati wa vita, yeye akabaki ndani na mapacha mapajani, gari likaondoka. Hiyo ilikuwa habari yake yote na hakuirudia. Alifika ofisini saa mbili kasorobo, akakaa, na ukimwona tena ameinuka ni saa kumi na moja. Chakula chake, matoke na karanga, nilimpashia moto nikampelekea. Chai nilimpelekea. Miguu yake ilianza kuvimba mpaka kanda za viatu zikaacha alama, akaja na ndara, akazificha chini ya meza.

"Banange, Mama Chai," alisema, "tazama miguu yangu. Imekuwa kama gonja."

Gonja ni ndizi ile nene ya kuchoma. Tukacheka. Tulicheka mambo mengi tusiyopaswa kuyacheka.

Siku moja kampuni ilileta muuguzi apime watu presha. Alipomaliza aliwaambia makarani kwamba mtu wa mezani asipoinuka kila saa, damu inalala miguuni, moyo unachoka, sukari inapanda. Akasema kila saa simameni, mtembee kidogo, mrudi. Makarani waliitikia kama kanisani na hakuna aliyesikia. Aliyesikia ni mmoja, amesimama mlangoni na mafaili mikononi. Tarishi aliipokea kama amri.

Kesho yake, saa tano kamili, aliingia katikati ya ukumbi. Akagonga kisigino. Akapaza sauti, ile sauti yake ya zamani ambayo hatukuwahi kuisikia:

"Simama! Yote! Simama!"

Walisimama. Watu kumi na nane kwa mara moja, viti vikarudi nyuma vikagonga ukuta. Mimi nilikuwa kidirishani, na kwa sekunde moja nikafurahi, nikasema hee, amewaweza. Halafu nikaona. Wanaume mikono juu, mkono mmoja umerudi kifuani unatafuta kitambulisho. Karani wa Moto anavua saa. Wanawake wamefungua mikoba yao wameiweka juu ya meza, mdomo wazi, tayari kupekuliwa. Hakuna aliyewaambia. Mikono yao ilijua yenyewe. Na Nalongo, ambaye hatukujua kama bado anaweza kupiga magoti, amepiga magoti kando ya meza yake na kusema, "Ssebo, tusonyiwe. Nina mapacha. Tusonyiwe."

Ssebo ni bwana, tusonyiwe ni kuomba msamaha. Alimwomba msamaha tarishi.

Mimi sikuwa katika mji ule wakati wa vita, nilivisikia kwa mbali. Lakini kila mtu wa Kampala alijua Kiswahili kilikuwa lugha ya nani barabarani: ya wenye bunduki. Hata mimi sokoni nilinunua nyanya kwa kunyoosha kidole, nisiwatie watu hofu. Tarishi alijua zaidi yangu. Alijua, na akasahau, kwa sababu alikuwa na nia njema. Hilo ndilo kosa lake, na mpaka leo sijapata kosa baya kulizidi.

Aliyatazama magoti ya Nalongo. Akaweka mafaili sakafuni, akatoka. Hatukusikia viatu. Nadhani alishuka ngazi kwa vidole.

Hakufukuzwa. Wenyewe hawakutaka kulizungumza, na usipozungumza huwezi kumfukuza mtu. Siku ya tatu alikuja kidirishani kwangu, akapokea kikombe, hakunywa.

"Mama Chai, mimi nilikuwa upande wa bunduki."

"Nilijua."

"Hujui." Akatazama ndani ya kikombe. "Ilikuwa stoo ya kahawa. Tuliweka watu ndani. Mkubwa alisema wakae chini, magoti juu, asisimame mtu. Kazi yangu ilikuwa hiyo. Mtu akiinuka nasema kaa. Siku nyingi. Mimi sikupiga mtu. Nilisema kaa tu."

Nilikuwa nasugua sufuria. Nikaacha.

"Halafu ikaja amri waachiwe. Nikafungua mlango. Nikasema simama, enda nyumbani. Hawakusimama. Nikafikiri wamenikatalia, nikapiga kelele, simama! Kumbe miguu imekwisha kufa. Walitoka kwa mikono, Mama Chai. Mzee mmoja alinishika suruali apande nayo, kama mtoto anajifunza. Nikamwinua. Akaanguka. Nikamwinua. Akaanguka."

Sikumpa pole. Hakuja kutafuta pole, na mimi sikuwa nayo. Nilimwambia chai inapoa. Akainywa yote kwa mkupuo, akarudisha kikombe, akasema, "Yule mama lazima atembee. Yule mmoja tu. Wengine basi."

Ndiyo hiyo ilikuwa kazi yake kutoka siku hiyo. Si ukumbi mzima tena. Nalongo.

Aling'oa vyuma kwenye viatu. Akamwomba mlinzi wa getini amfundishe Kiganda, yeye ambaye miaka yote alikikataa. Siku moja nilimwona amekwenda mpaka meza ya madai, akachuchumaa, akawa chini kuliko yule aliyekaa, akasema polepole, "Nnyabo, tambulako." Yaani mama, tembea kidogo. Ukumbi ulikufa kwa kicheko, jinsi alivyoyatamka. Nalongo alimtazama muda mrefu. Nilidhani atalia.

"Afande," akasema, "wewe sema Kiswahiri tu. Ruganda yako inaniumiza masikio."

"Kiswahili yangu inakutisha."

"Kale, haya, sema pole pole. Inatisha kidogo."

Ndipo Tarishi akaja na shauri lake kwangu. Chai ilikuwa inapelekwa mezani, vikombe kumi na nane kwenye sinia, na mimi ndiye mpelekaji. Akataka niache. "Birika weka hapa dirishani. Mwenye kiu ana miguu." Kutoka meza ya Nalongo mpaka kidirishani kwangu alikuwa amezihesabu hatua: arobaini na mbili. Kwenda na kurudi, asubuhi na jioni. Meneja wa wakati ule alikuwa mtu asiyejali, akasema fanyeni mtakavyo, mradi chake kiende ofisini kwake.

Wiki ya kwanza walininunia. "Mama Chai amekuwa mkubwa!" "Mama Chai ana kengele sasa!" Niliwajibu kwamba kengele ni tumbo lako, likilia njoo. Wiki ya pili wakaja. Na wakija walikaa, si kukaa, walisimama pale kwa kidirisha wakizungumza, kikombe mkononi, kama zile siku za mapipa. Nalongo alikuja wa mwisho, ameshika meza baada ya meza. Tarishi alimtangulia hatua tatu, kinyumenyume, mikono nyuma, asimguse. Hakusema simama, hakusema njoo. Alirudi nyuma tu, na yeye akamfuata.

Ilichukua miezi. Kabla ya Krismasi alikuwa anakuja peke yake. Akavaa viatu tena. Jumamosi moja alikwenda Ggaba kununua samaki, akazunguka soko zima kwa miguu, Jumatatu akaniletea sato amefungwa kwenye jani la mgomba, na samaki mwingine mkubwa zaidi kwa Tarishi. "Huyu wa Afande," akasema, "kwa sababu amenirudisha barabarani." Tarishi alimpokea yule samaki akatoka naye kwenye ngazi. Nilipokwenda kutupa maji nilimkuta ameegemea ukuta, samaki kifuani, maji ya samaki yanamlowesha shati.

Hapo ningependa kuacha kuandika. Lakini nimesema nitasema.

Meneja mwingine alikuja, kijana wa masomo, na watu wa aina hiyo huja na saa. Akaona makarani wako kidirishani kwangu, vikombe mkononi, wanacheka. Hakuuliza. Aliniita, akasema, "Mama, chai ipelekwe mezani. Watu wakae wafanye kazi." Tarishi alikwenda kuzungumza naye akarudi uso umefungwa. Hakunieleza alichoambiwa. Alisema, "Peleka kwa wote. Kwa Nalongo usipeleke. Huyo mmoja, Mama Chai. Meneja hawezi kuhesabu vikombe."

Nikakubali. Nilikubali kwa mdomo wangu huu.

Masika yakaja, na baridi, na magoti ya Nalongo yakaanza. Akakaa pale mezani kwake anaona vikombe vya wenzake vinapita. Siku ya kwanza alikuja kuchukua. Siku ya pili alikuja. Siku ya tatu alinyoosha mkono nikipita na sinia. "Mama Chai, nnyabo, reta tu. Leo magoti inauma. Leo tu."

Nikampa. Tarishi alikuwa ameshuka chini kupeleka barua.

Nimejiuliza kwa nini. Niliogopa meneja, hiyo ni kweli. Nilimwonea Nalongo huruma, hiyo pia. Lakini iko nyingine. Miaka yote nilipopita na sinia watu walisema asante, Mama Chai, Mungu akubariki, Mama Chai. Ile miezi ya kidirishani walijimiminia wenyewe na hakuna aliyesema asante kwa birika. Nilipenda kushukuriwa. Nalongo alinishika mkono akaubusu. Basi kesho nikampelekea tena, na keshokutwa sikungoja aniombe.

Tarishi alijua. Aliona viatu vimerudi kuwa ndara. Alikuja kwangu mara moja tu. "Arobaini na mbili," akasema, akaondoka.

Ilikuwa siku ya mvua. Nilimpelekea Nalongo chai ya saa nne, alikuwa ameinamia madai, shavu kwenye kiganja, kalamu mkononi. Nikaweka kikombe taratibu nisimsumbue. Watu walipita mbele yake. Meneja alipita. Aliyekaa mezani na kalamu ni mtu anayefanya kazi, nani atamgusa? Saa saba nilikwenda na matoke yake yaliyopashwa. Kikombe kiko palepale, maziwa yamefanya utando juu, utando mzima, haujakunjwa. Nikamwita. Kalamu ikaanguka.

Alikuwa anapumua. Tarishi alimbeba mgongoni ghorofa nne, mwanamke mwenye unene ule, hakutaka mtu amsaidie. Walimfikisha hospitali ya Mulago. Aliishi siku sita, upande mmoja umekufa, akazikwa kijijini kwao, na mapacha walikuwa darasa la saba.

Tarishi hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Saa nne alikuja kidirishani kama kawaida, kofia kwapani, na kikombe chake cha bati, na ndani ya kikombe kuna maji ya bomba. Akanywa amesimama, akaangalia ukumbi, akaondoka. Chai yangu hakuinywa tena. Miaka minne. Nilimmiminia kila siku, na kila siku nikaimwaga.

Kilichommaliza hakikuwa mimi. Zilikuwa kompyuta. Zilipokuja, mafaili yakaacha kutembea, na aliyekuwa anayatembeza akakosa kazi. Kwa huruma, na huruma nimekwisha kuiogopa, hawakumfukuza. Walimpa kiti mapokezi, na kitabu cha wageni. Alisimama kando ya kile kiti wiki nyingi. Meneja akasema wageni wanaona vibaya, mzee wa sura ile amewasimamia mlangoni, wanadhani ni msako. Akae.

Alikaa. Nilipita nikamwona, mikono juu ya magoti, na sikumsalimu, kwa kuwa nilijua hapendi aonekane.

Mjukuu wangu anafanya kazi kwenye kompyuta, mjini hapohapo. Ofisi yao imewagawia saa za mkononi zinazotetemeka mtu akikaa sana, kumkumbusha ainuke. Nilimwona Jumapili, saa inatetemeka, yeye anaizima kwa kidole bila kutazama. "Inanikera, jjajja," akasema, yaani bibi. Nikamwambia sisi tulikuwa na moja yenye miguu, na tuliizima vilevile. Hakunielewa, akarudi kwenye simu.

Ndiyo iliyonifanya nipande kwenda Kawempe. Nilikuwa sijamwona tangu nilipoacha kazi.

Binti yake alinifungulia, akasema baba yupo, akatuacha akaenda dukani. Nilimkuta kwenye kile kiti chekundu. Nailoni bado iko juu yake, imekuwa ya manjano, inalia akijigeuza. Mguu wa kulia uliishia chini ya goti. Sukari. Wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji.

"Mama Chai," akasema. "Umezeeka."

"Na wewe umekaa."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Nimemaliza kazi."

Jiko la mkaa lilikuwa linawaka mlangoni. Nikapika chai bila kuuliza, nikaweka maziwa, nikaponda tangawizi. Sukari wamemkataza, nikaona kopo limefichwa juu ya kabati. Nikamimina vikombe viwili. Changu nikakishika. Chake nikakiweka dirishani, upande wa pili wa chumba. Sikukusudia uovu. Mkono wangu ulijua mwenyewe, kama mikono ya wale wenye mikoba.

Akakitazama kikombe. Akanitazama. Nilielewa nilichofanya, lakini sikukiondoa. Na yeye hakusema nikiondoe. Aliweka mikono miwili kwenye mikono ya kiti, nailoni ikalia, mabega yakapanda kidogo. Yakashuka.

"Wale wa stoo," akasema, "mzee yule alikuwa na nguvu. Alifika mpaka kiunoni kwangu."

Nje watoto walikuwa wanafukuzana. Tulikaa, yaani yeye alikaa, mimi nilisimama na chai yangu, na kule dirishani maziwa yakaanza kufanya utando. Tuliuona ukifunga kutoka pembeni kuja katikati.

"Dada," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Niletee."

Nikapanda kwenye stuli, nikashusha kopo, nikatia vijiko vinne. Nikakoroga mpaka utando ukavunjika. Kisha nikampelekea, kama nilivyompelekea Nalongo. Zilikuwa hatua tano. Nilizipiga mimi.